Mfumo Wetu Ulikataa Jina Lake

Mwaka jana mimi na washikaji zangu wawili tulipewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa kujiandikisha kwa ajili ya semina ya idara. Kazi ya siku mbili, tukajisifu. Mmoja wetu alikuwa na flashi yenye mradi wa kaka mmoja aliyeshahitimu. Tukaufungua, tukabadilisha rangi na nembo, tukauweka hewani. Watu zaidi ya mia wakajiandikisha bila shida. Kisha akaja dada mmoja wa mwaka wa kwanza, simu mkononi. Kila akibonyeza kitufe, ukurasa unamtemea Kiingereza kirefu kisichoeleweka.

Jina lake la ukoo linaanza na Ng', kama majina kibao ya Usukumani. Ile alama ndogo ya ritifaa ndiyo iliyokuwa inaangusha mfumo. Mwenzetu akamwambia, "Dada, we itoe tu hiyo alama." Akajibu taratibu: "Kaka, cheti cha kuzaliwa kina hiyo alama, cha kidato cha nne kinayo. Nikiitoa, cheti cha semina kitakuwa cha nani?"

Tulikaa kimya. Si kwamba hatukuwa na jibu la adabu tu. Hata la kitaalamu hatukuwa nalo. Kodi (si ile ya TRA) ilikuwa yetu kwa jina tu, hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuisoma mstari kwa mstari. Usiku ule tukaisoma. Kosa lilikuwa hapa:

$conn->query("INSERT INTO washiriki (jina) VALUES ('$jina')");

Jina linachomekwa moja kwa moja ndani ya amri, katikati ya ritifaa mbili. Likija jina lenye ritifaa yake, hifadhidata inadhani jina limeishia kwenye Ng, na herufi zinazofuata inazisoma kama sehemu ya amri. Haizielewi, inagoma. Sasa fikiria mtu ambaye baada ya ritifaa haandiki jina la babu yake, anaandika amri ya kweli. Upenyo huohuo uliomfungia dada yetu mlango ungemfungulia mwizi, na mle ndani kulikuwa na namba za simu za watu zaidi ya mia waliotuamini. Mbinu hii ya wizi imeandikwa hadharani tangu 1998. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa.

Dawa yake ni mistari mitatu:

$amri = $conn->prepare("INSERT INTO washiriki (jina) VALUES (?)");
$amri->bind_param("s", $jina);
$amri->execute();

Amri inatangulia peke yake ikiwa na alama ya kuuliza, jina linafuata baadaye kama jina. Haliwezi kugeuka amri hata liwe na ritifaa kumi.

Najua wapo walimu watakaosema tatizo ni kudesa. Mimi sikubaliani nao. Kila anayeandika kodi anakopi, na wao wanakopi. Kuanza kila kitu kutoka sifuri ni kupoteza muda, na kwa bando hizi za kwetu ni kupoteza hela pia. Hata wakubwa wanadesa makosa ya wenzao. Mwaka 2010 Andreas Lundblad aliandika kwenye Stack Overflow kipande kifupi cha Java cha kuonyesha ukubwa wa faili kwa namna inayosomeka. Kikakopiwa kwenye maelfu ya miradi. Mwaka 2019 yeye mwenyewe akaandika kwamba kina kosa: faili la baiti 999,999 linaonyeshwa kuwa kB 1000.0 badala ya MB 1.0. Miaka yote hiyo watu wanakopi na kupesti tu.

Ninachopinga ni kudesa kitu usichoweza kumweleza mwenzako. Na desa zetu za chuo zimezeeka, tuambiane ukweli. Ukikutana na mysql_query, una bahati, maana itagoma palepale. PHP 7 iliiondoa tangu 2015. Ya kuogopa ni ile inayofanya kazi vizuri, kama ya kwetu. Ukiona nywila zinafichwa kwa md5, ifute, tumia password_hash.

Siku hizi nina faili moja la maandishi, limo kwenye Git. (Tafadhali achaneni na kutumiana "mradi_final_mpya2.zip" WhatsApp.) Kila kipande ninachookota kinaingia humo, na juu yake naandika nimekitoa wapi, lini, na kitu gani kitakivunja. Hicho cha tatu ndicho kinachonilazimisha kukisoma. Nikishindwa kukijaza, kipande hakitumiki. Roboti likiniandikia kodi, nalo linafuata sheria hiyohiyo.

Humohumo nimeweka majina ya kujaribia: lenye Ng', la neno moja tu, refu la maneno sita, tupu kabisa, na <b>Juma</b>. Hilo la mwisho likitokea kwenye ukurasa kwa wino mzito, ujue umesahau htmlspecialchars, na siku nyingine mtu ataweka kitu kibaya kuliko wino mzito. Kuyapitisha yote ni dakika tano.

Dada alijiandikisha kesho yake, na cheti kikatoka na alama yake. Mimi nikamtafuta yule kaka wa flashi nimweleze. Akacheka sana: na yeye aliipata kwa kaka mwingine. Bado inazunguka hosteli. Kama unayo, mstari wenyewe uko kwenye sajili.php, karibu na juu.