Kila Mtoto na Kanzu Yake



Desemba imeingia. Nyumba zimejaa masanduku ya bweni, magodoro yaliyofungwa kamba, sare zilizofupia na viatu vilivyolika visigino. Kwa kuwa mwaka wetu wa shule hapa Tanzania huanza Januari na kuisha Desemba, mambo ya watoto hutuangukia kwa mkupuo. Septemba mmoja alifanya mtihani wa darasa la saba. Oktoba mdogo wake akaingia kwenye upimaji wa darasa la nne. Novemba kaka yao akaanza mtihani wa kidato cha nne, nawe ukawa unaamka saa kumi alfajiri kumpashia chai. Katikati ya hayo palikuwa na mahafali, na katika sharika nyingi palikuwa na kipaimara pia. Na yule mdogo wa chekechea naye amekuja na cheti chake kilichopambwa kwa rangi, anataka kibandikwe ukutani leo hii.

Ni neema kubwa. Mama anayeona watoto wake wamepiga hatua ana haki ya kupiga vigelegele, wala asione haya. Ninachotaka tuzungumze mwezi huu ni namna furaha hiyo inavyogawanywa ndani ya nyumba, maana mara nyingi haigawanywi sawasawa.

Mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha desturi yake ya miaka mingi ya kutaja wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Baraza lilieleza kuwa halioni tija katika jambo hilo. Wako walionung'unika, hasa wenye shule waliozoea kujitangaza kwa orodha ile. Mimi nilifurahi. Lakini nikajiuliza: ikiwa Baraza zima limeweza kuacha kupanga watoto wa nchi kwa namba, mbona sebuleni kwetu bado tunawapanga? Ripoti zinafika, mama anazifungua moja moja mbele ya wote, na swali la kwanza linakuwa, "Umekuwa wa ngapi?" Aliyekuwa wa tatu anapewa soda. Aliyekuwa wa 47 kati ya 82 anaambiwa amtazame mwenzake. Halafu wote wawili wanatakiwa wakale wali mmoja, walale chumba kimoja na kupendana mwezi mzima wa likizo.

Tena jambo hili litazidi. Kwa mpango wa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba, hivyo mwaka 2027 wa darasa la sita na wa darasa la saba wanatarajiwa kumaliza kwa pamoja. Wako akina mama watakaokuwa na wawili wa kufanyiwa mahafali mwaka huo huo, mkubwa na mdogo wake. Usipokuwa na busara, siku hiyo utamvunja moyo mmoja kwa miaka.

Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 2, tunasoma habari ya Hana. Wengi wetu tunamkumbuka Hana kwa machozi yake na kwa nadhiri yake. Mimi kwa mambo ya leo napenda ule mstari mfupi unaokuja baadaye, ambao wahubiri huupita haraka: kwamba kila mwaka, alipopanda na mumewe kwenda Shilo kutoa dhabihu, alimchukulia Samweli kanzu ndogo aliyomfanyia. Hebu ufikirie ule mstari kama mama. Mtoto hakuwa nyumbani. Hana hakuwa na kipimo cha mwaka huo. Ilimbidi akae na kukisia: mwaka jana alinifikia hapa kiunoni, sasa atakuwa amefika hapa, mikono imerefuka kiasi hiki. Kanzu ile ilikuwa hesabu ya hatua aliyopiga mtoto, na ilishonwa kwa kipimo cha Samweli peke yake. Baadaye Hana alipata watoto wengine, wana watatu na binti wawili. Hatuambiwi kwamba aliwahi kumshonea mmoja kwa kipimo cha mwenzake.

Wale wenye watoto bweni, au walio kwa bibi kijijini, wanaijua kazi ile ya kukisia. Unasimama mbele ya duka la viatu unanyoosha kiganja, "Nadhani anavaa namba 36 sasa." Akifika nyumbani, kiatu hakiingii, nawe unacheka huku machozi yanakulengalenga.

Basi, kabla hujafungua ripoti, mshonee kila mtoto kanzu yake kwa maneno. Zipo hatua ambazo mwalimu hana nafasi ya kuziandika. Yule aliyekuwa anakojoa kitandani na tangu Agosti hajakojoa, hiyo ni hatua, ingawa utamwambia faraghani. Aliyejifunza kupika ugali usio na mabuje. Aliyeacha kugombana na jirani. Aliyemuuguza bibi yake kwa wiki mbili bila kunung'unika. Msichana aliyevunja ungo mwaka huu na akathubutu kuja kukueleza wewe mama yake kabla ya kumweleza mtu mwingine. Hiyo ni hatua yenu nyote wawili. Kijana aliyesimama kanisani kusoma somo akatetemeka, lakini akamaliza.

Jioni moja tu ya likizo inatosha. Zima televisheni, weka simu mbali, mketi mkekani. Baba wa nyumba akiwepo, mwombe yeye ndiye atamke, maana neno la baba lina uzito wa pekee, na wako watoto waliofika utu uzima wanalisubiri bado. Ukiwa peke yako, tamka wewe. Kila mmoja atajiwe jambo moja alilolifanya mwaka huu, la kweli, si la kubuni, kwa kuwa mtoto anazijua sifa za uongo upesi kuliko sisi. Kisha muombe kwa ajili yake, mkimtaja jina. Wengine huweka alama ya urefu kwenye mwimo wa mlango na kuandika mwaka. Kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba ni mkali, pima kwa utepe wa fundi cherehani, uandike kwenye daftari. Daftari hilo mtahama nalo.

Sasa tuje kwa yule ambaye mwaka haukumwendea vema, maana yupo. Matokeo ya darasa la saba yametoka, na wewe unajua kwamba wanaochaguliwa ni waliopata daraja A hadi C. Wako amepata D. Majirani wameshapiga simu kuuliza, nawe umejifanya mtandao unasumbua. Huyu naye amemaliza miaka saba ya kuamka alfajiri, ya kutembea juani, ya kuchota maji ya shule na kufagia uwanja. Miaka ile haifutwi na herufi moja. Mpikie. Usimpikie chakula cha msiba, kile cha kunyamaza, bali chakula cha mtu aliyemaliza kazi. Halafu, wiki ijayo, si siku hiyo, keti naye mzungumze juu ya njia zilizopo.  Wazazi wengi hawajui kuwa vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo tangu miaka ya 1970, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA tangu sheria ya mwaka 1994. Nenda mwenyewe ukaulize masharti ya umri na ada kwa chuo kilicho karibu nawe, usitegemee habari za kwenye daladala. Na tangu 2024 hata sekondari zetu baadhi zina mkondo wa amali, ili fundi asionekane tena kuwa ni mtu aliyeshindwa kusoma.

Juu ya fedha nitasema machache. Mahafali na kipaimara siku hizi vimekuwa kama harusi: kamati, kadi za mchango, ukumbi, mshereheshaji, keki ya ghorofa tatu, na kundi la WhatsApp ambalo kila asubuhi linakukumbusha ahadi yako. Sipingi sherehe. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini Januari inakuja na fomu ya kujiunga kidato cha kwanza: sare, godoro, ndoo, madaftari, rimu ya karatasi, hata jembe na fagio. Ada ya shule za serikali iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022, lakini godoro halikuondolewa. Nunua vitu vya fomu kwanza, uviweke chini ya kitanda. Kitakachobaki ndicho cha pilau. Mtoto atakayelala juu ya godoro lake mwenyewe huko bwenini hatakumbuka kwamba keki haikuwa na ghorofa.

Kuna sherehe nyingine katika Biblia ambayo nimeitafakari sana mwaka huu. Mwanzo sura ya 21 inasema kwamba siku Isaka alipoachishwa kunyonya, Ibrahimu alifanya karamu kubwa. Kuachisha ziwa tu, na mzee alichinja! Huyo alijua kuheshimu hatua ya mtoto. Lakini soma mstari unaofuata. Katika karamu ile ile palikuwa na kijana mwingine, Ishmaeli, aliyekuwa na miaka 14 Isaka alipozaliwa. Sara akamwona akicheka, akakasirika, na mwisho wake Hajiri na mwanawe wakajikuta jangwani na kiriba cha maji. Mungu aliisikia sauti ya kijana yule kule jangwani, hilo tunalijua. Mimi swali langu ni la nyumbani: siku ya karamu, nani alimwangalia Ishmaeli usoni?

Katika nyumba zetu yumo. Pengine ni mtoto wa baba uliyemkuta, au mtoto wa marehemu dada yako. Na mara nyingi sana ni binti wa kazi. Yeye ndiye anayewapiga watoto wetu pasi sare, anayewasindikiza hadi kwenye basi la shule, anayejua nani hapendi kitunguu. Pengine yeye mwenyewe ana miaka 16 au 17. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Kwa hiyo huyo wa miaka 16 anayetandika vitanda vya wenzake ni mtoto kama wao. Siku ya sherehe yeye yuko nyuma, kwenye masufuria.

Mwaka juzi nilialikwa nyumbani kwa mama mmoja wa usharika wetu ambaye binti yake alikuwa amemaliza darasa la saba. Ukafika wakati wa kulisha keki. Mtoto aliwalisha wazazi, akawalisha mama na baba wa ubatizo, mwalimu wake wa darasa, na bibi. Mshereheshaji akauliza kama kuna mwingine. Binti akasema, "Dada." Tukatazamana, maana mtoto yule ni wa kwanza, hana dada. Akaenda mwenyewe hadi uani, akarudi akimshika mkono binti wa kazi, mwenye khanga kiunoni na mikono iliyolowa sabuni. Yule binti alifunika uso kwa mkono mmoja. Akalishwa. Watu wakapiga makofi, wengine kwa kuchelewa kidogo.

Mama mwenye nyumba hakusema kitu siku ile. Lakini nyama ilipokwisha kuliwa na viti vya kukodi kurudishwa, alimwita binti akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: yeye alimaliza lini darasa la saba, na ilikuwaje. Akasema alimaliza, jina lake likawemo kwenye orodha ya waliochaguliwa, lakini nyumbani hapakuwa na mtu wa kumnunulia sare. Siku ya mahafali yao alikuwa shamba.

Januari iliyofuata alianza masomo ya jioni katika kituo cha watu wazima, saa tisa hadi saa kumi na mbili, na mama yule alipanga upya kazi za nyumba: watoto wakubwa walioshe vyombo vyao wenyewe. Walilalamika wiki tatu hivi, kisha wakazoea. Mwezi uliopita binti amefanya Mtihani wa Maarifa, ule ambao watu huuita QT. Majibu yake kwa kawaida hutoka Januari, pamoja na ya kidato cha nne. Jumamosi nilimkuta mama yule kwa fundi, amepeleka kitambaa cha bluu chenye maua meupe. Nilimuuliza kama majibu yametoka. Akaniambia bado, gauni ni la Krismasi.