Steringi hafi, lakini wazee wetu je?

Leo naomba tuiweke siasa kando tuongee sinema. Simaanishi zile habari za nani kaachana na nani, hizo magazeti ya udaku yanazitosha. Nataka tuwaongelee watu ambao bila wao hakuna filamu, lakini kwenye kasha la filamu picha yao ilikuwa inawekwa pembeni, ndogo kama stempu, au haiwekwi kabisa.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria moja tangu utotoni: steringi hafi. Unaweza kumpiga risasi, ukamtupa mtoni, ukamchomea nyumba, atarudi tu. Kwa hiyo tulikuwa tunamtazama yeye. Lakini hebu fikiri, ni nani aliyekufanya umwonee huruma yule steringi? Ni baba mkali aliyemfukuza nyumbani, mwenye nyumba aliyemtolea vyombo nje, mganga aliyemla pesa, au shangazi mwenye mdomo. Ondoa hao, steringi anabaki kijana mwenye miwani ya jua na gari la kukodi.

Wamarekani waliligundua hili zamani. Tuzo za Oscar zilianza kuwa na nafasi ya waigizaji wasaidizi kwa filamu za mwaka 1936, na mwanaume wa kwanza kuichukua alikuwa Walter Brennan. Huyu bwana hakuwa mzuri wa sura. Alipoteza meno kwenye ajali mwaka 1932, na pengo hilo likawa mtaji, akawa anaigiza vikongwe kabla hajazeeka. Aliichukua tuzo hiyo mara tatu, kwa filamu za 1936, 1938 na 1940. Ukiangalia Red River ya 1948 au Rio Bravo ya 1959, steringi ni John Wayne, lakini anayekuchekesha na kukugusa moyo ni mzee Brennan.

Aliyeziongoza filamu zote mbili ni Howard Hawks, na huyo huyo ndiye aliyekuja Tanganyika na John Wayne kupiga Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Itafute uitazame. Mandhari ya kaskazini mwa nchi yetu yamejaa mle, na wanyama wetu wamepewa nafasi ya kutosha. Wenyeji wengi wanapita tu nyuma ya magari. Nafasi ya kuwa mhusika mwenye tabia, mwenye maneno yake na kichekesho chake, ilibidi tuitengeneze wenyewe baadaye. Na tuliitengeneza.

Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994. Michezo ya kuigiza ikaingia sebuleni, na kundi la Kaole kupitia ITV likawa shule. Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, jirani yetu huku Kanda ya Ziwa, alipita Kaole kabla ya kuwa nyota. Wengi tunalikumbuka hilo. Lakini Kaole hiyo hiyo ilikuwa na Mzee Jengua, marehemu Mohamed Fungafunga. Yeye alikuwa baba. Baba mkali, baba mkorofi, baba anayekataa mchumba wa binti yake kabla hajamsikiliza. Alikuwa akiingia tu, hata kabla hajafungua mdomo, sebule nzima inajua leo kuna mtu atalia. Hicho ni kipaji, na hakifundishwi kwa wiki mbili.

Alikuwepo Mzee Small, Said Ngamba, ambaye mwili wake mdogo na sauti yake vilitosha kuwa mchezo mzima. Na alikuwepo King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyezaliwa 1948 na kupanda jukwaani akiwa bado mtoto. Mtu atasema Majuto alikuwa steringi wa vichekesho. Sawa. Lakini hesabu pia filamu alizoitwa aingie kidogo tu ili jina lake liuze kazi ya vijana. Aliingia kama chumvi kwenye mboga, na chumvi haiimbwi na mtu mpaka siku imekosekana.

Sasa njooni kwenye uchungu wangu.

Mzee Small aliugua muda mrefu baada ya kupata kiharusi, akafariki Juni 2014. King Majuto aliugua, akapelekwa India kwa matibabu, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Mzee Jengua alifariki Desemba 2020. Vifo ni mipango ya Mungu, siwezi kuvijadili. Ninachojadili ni kipindi cha kabla ya kifo. Sote tunaujua mtiririko wake. Msanii mkongwe anaumwa, picha yake akiwa kitandani inasambaa, namba ya simu ya kuchangia inawekwa chini, tunatuma elfu mbili na emoji ya machozi, halafu tunarudi kuangalia filamu yake. Filamu ile inaendelea kumwingizia mtu pesa. Yeye aliyeigiza anachangiwa.

Hapa Mirongo ninapoishi, saluni za kunyoa bado zinaweka filamu za enzi zile kwenye televisheni ya ukutani. Wateja wanacheka mpaka kinyozi anasimamisha mashine. Mtu aliyekufa miaka mingi bado anafanya kazi, saa kumi na mbili kwa siku, na halipwi senti.

Kwa nini? Kwa sababu ya namna biashara ilivyokuwa. Enzi za kanda na DVD, mtayarishaji alikuwa anamuuzia msambazaji filamu pamoja na haki zake, anapewa pesa mara moja, mchezo umekwisha. Msaidizi alikuwa chini kabisa ya mnyororo huo. Analipwa kwa siku alizopiga, mara nyingi kwa maneno ya mdomo, nauli na sahani ya wali juu. DVD zikafa, zikaja chaneli za filamu za Kiswahili na YouTube, na kazi zile zile zikafufuka. Mwenye haki akavuna mara ya pili. Yule mzee hakuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu.

Mwaka 2018, King Majuto akiwa mgonjwa, Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii na makampuni yaliyowatumia kwenye matangazo. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini jamani, mkataba unaopitiwa mtu akiwa hospitali umeshachelewa. Mkataba unasomwa kabla kamera haijawashwa.

Kuna watakaoniambia kijana acha ndoto, soko letu dogo, hata steringi mwenyewe hakutajirika. Ni kweli steringi wengi hawakutajirika. Ila hoja ya udogo wa soko wenye pesa huitoa kila mahali, hata Hollywood waliitoa. Chama cha waigizaji wa Marekani kiliundwa mwaka 1933. Mwaka 1960 kiligoma, kikiongozwa na Ronald Reagan, yule yule aliyekuja kuwa rais, kudai kwamba filamu ikiuzwa kwenye televisheni mwigizaji apate chochote. Walifanikiwa, tena wakapata fedha za kuanzishia mfuko wa pensheni na matibabu. Lakini malipo hayo yalihusu filamu za kuanzia mwaka 1960. Waliotengeneza filamu kabla ya hapo, zile tunazoziita leo za dhahabu, walibaki kutazama kazi zao zikirushwa usiku na mchana bila malipo ya marudio.

Ndipo tulipo sisi. Kizazi cha Jengua, Small na Majuto ni kizazi cha kabla ya mgomo. Hao tumeshawakosa. Swali ni kama tunataka na hawa walio hai, akina mama na wazee wanaoigiza mashangazi na wajomba kwenye tamthilia za sasa, nao wawe hivyo hivyo.

Sidai miujiza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji, na COSOTA ipo. Mwaka 2022 wanamuziki waligawiwa mirabaha, kwa hiyo kuhesabu na kugawa kunawezekana. Ninachotaka ni vitu vitatu. Kwanza, kila anayesimama mbele ya kamera awe na karatasi, hata ya ukurasa mmoja, inayosema kazi ikirushwa tena atapata nini. Pili, sehemu ya malipo yake iende kwenye bima ya afya na hifadhi ya jamii, ili matibabu yake yasisubiri huruma yetu. Tatu, jina lake liandikwe mwisho wa filamu kwa usahihi, jina lake halisi, siyo "Baba Asha" basi. Asiyeandikwa hawezi kudai.

Na sisi waandishi tujitazame. Kurasa za burudani zinajaa mavazi ya nyota, lakini ni mara ngapi tumemfuata mzee anayeigiza mganga tukamuuliza amelipwaje? Mpaka aumwe. Akiumwa tunapigana vikumbo mlangoni kwa picha ya ukurasa wa mbele.

Steringi hafi kwa sababu mwandishi wa filamu kaamua asife. Basi na mikataba ni maandishi, na anayeandika anaweza kuamua baba mkali wa kwenye filamu asife masikini.

Naomba kutoa hoja. Wewe mwenzangu unaonaje?