Mashine ya Wakati Iletwe Kitengela

Wadau, nimechoka na hadithi za watoto za kusafiri katika wakati. Tangu H.G. Wells alipochapisha The Time Machine mwaka 1895, na BBC ilipoanza Doctor Who mwaka 1963, watoto wameuziwa safari zile zile: nyuma kwa Mafarao na dinosaria, mbele kwa maroboti. Kisha mtoto anarudi nyumbani chai haijapoa.

Mtoto wa Kitengela hamhitaji Farao. Mrudishe 1968 tu, mwaka wa sheria iliyoleta ranchi za vikundi Kajiado: ardhi ya wengi, hati moja. Halafu msogeze mbele polepole, kuanzia miaka ya 80, aone ranchi zikikatwa vipande, kila kipande na hati yake, kisha mnunuzi, kisha ua wa waya, na nyumbu wanaotoka Mbuga ya Nairobi wakikosa pa kupita. Zimwi halimo. Kuna mzee anayeuza ekari ili alipe karo.

Mashabiki wa hadithi hizi hupenda lile swali: ukimzuia babu yako asioe, wewe utatoka wapi? Kitengela lina makali zaidi. Ukimzuia mzee asiuze, nusu ya darasa lako itatoka wapi? (Mimi mwenyewe napanga kwenye ploti kama hizo, kwa hiyo sijitoi.)

Sisi waandishi wa programu tunachangia kasoro hii. Mifumo ya Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, nasi tumezoea kudhani wakati ni namba inayopanda. Wamaasai huhesabu kwa rika: Iseuri, kisha Ilkitoip. Ukitaja rika umeshataja kina nani walikuwa morani na wazee gani waliwalea. Tarehe haitengani na watu. Nionyesheni hifadhidata inayofanya hivyo.

Eti mambo ya ardhi ni mazito kwa watoto! Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 katika sensa ya 2009, na 1,117,840 mwaka 2019. Aliyezaliwa mwaka wa sensa ya kwanza alikuwa na miaka 10 tu ya pili ilipofika. Uzito huo anaupita kila asubuhi akizunguka ua kwenda shule.

Basi wachapishaji, nanyi mnaotengeneza michezo ya simu, mfikisheni mtoto huyo kwa mzee siku ya kutia kidole gumba kwenye fomu. Amuulize, "Babu, kwa nini unauza?" Na mzee apewe ukurasa mzima wa kujibu.