Anayesukuma baiskeli Kasulu na Kibondo naye apewe njia

NJIA PANDA
Na Yohana Ntakije

Lami imeifikia Buha, huku kwetu Kigoma, na kwa mtu wa huku hilo si jambo dogo. Kwa miaka mingi msimu wa mvua ulikuwa msimu wa kulala njiani, basi limezama kwenye tope, abiria wamekaa juu ya mizigo yao wakisubiri greda. Kwanza kipande cha Kidahwe hadi Kasulu kikaanza kuwekewa lami, kisha mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha fedha za barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, inayotuunganisha na Burundi upande mmoja na barabara ya kwenda Nyakanazi upande mwingine. Aliyewahi kumkimbiza mama mjamzito hospitali kwa barabara ile ya zamani hahitaji kuelezwa faida yake. Mimi naishukuru lami. Ila nina swali ambalo sijasikia likiulizwa kwa sauti katika vikao vyetu: katika barabara hii mpya, baiskeli imewekwa wapi?

Nauliza kwa sababu chakula cha miji yetu kinaingia kwa baiskeli. Siku ya soko, njia za kutoka Heru Juu, Msambara na Murufiti kuingia Kasulu hujaa vijana wenye mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, maharage, muhogo na mahindi. Kibondo ni hivyo hivyo kutoka Kumwambu, Biturana na Kitahana. Baiskeli zenyewe ni zile ngumu, Phoenix na wenzake, karia imeongezewa nondo zilizochomelewa na fundi wa mtaani ili ibebe kile ambacho kiwanda hakikukitarajia. Gunia likifika sokoni linalipiwa ushuru, halmashauri inapata chake. Kwa bajeti ya barabara, mtu aliyelileta ni kama hayupo.

Sasa mtazame huyo mtu anavyosafiri. Haendeshi. Anasukuma. Nchi yetu ya Buha ni ya milima, na mwenye mzigo wa namna ile hapandi mlima akiwa juu ya tandiko. Anatembea pembeni ya baiskeli, mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeshika mti uliofungwa kwenye mzigo, mwili umeinama mbele. Njia yote hupanda na kushuka, na sehemu kubwa ya safari yake ni ya miguu. Hili ndilo ninalotaka wahandisi walielewe kabla ya jambo jingine lolote. Vitabu vya mipango ya baiskeli vimeandikwa kwa kutazama miji tambarare ya Uholanzi na Denmark, ambako mtu anapita peke yake, mwepesi, kwa mwendo wa kasi kidogo. Baiskeli ya Buha inasukumwa, ina mapana kwa sababu gunia limelazwa kwa upana, na mwenye nayo anatembea kando yake. Jumlisha mtu na mzigo, unapata kitu chenye upana wa mita moja na nusu au zaidi, kinachokwenda mwendo wa mtembea kwa miguu. Ukimchorea njia ya kipande cha mita, hujamchorea kitu.

Na kwa jinsi barabara zetu zinavyojengwa, hata hicho kipande mara nyingi hakipo. Lami inaishia kwenye bega jembamba, na bega linaishia kwenye mtaro wa mawe. Mtaro ni wa lazima, bila huo mvua za Kigoma zingeisomba barabara nzima. Lakini mtu mwenye gunia la mkaa hawezi kuruka mtaro. Lori likija nyuma yake na jingine likija mbele, hana pa kwenda. Wakati wa vumbi malori yalikwenda taratibu kwa sababu mashimo yaliyalazimisha. Leo hakuna shimo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, lakini dereva aliyetoka mbali na lami nyororo iko mbele yake hapunguzi mwendo kwa kibao peke yake.

Kuteremka kuna hatari yake. Breki za vyuma za baiskeli hizi zilikusudiwa mtu mmoja, si mtu na magunia mawili, na vijana wengi huzisaidia kwa soli ya kandambili kwenye tairi. Majirani zetu wa Burundi wameishi na jambo hili muda mrefu kuliko sisi. Kwenye barabara ya lami kati ya Bugarama na Bujumbura, wasafirishaji wa ndizi kwa baiskeli hushuka milima kwa kasi ya kutisha, na wakati wa kurudi juu hujishikiza nyuma ya malori ili wavutwe. Wengi wamekufa pale. Watu wa Manyovu na Mabamba, wanaovuka mpaka kila siku, wanaijua habari hiyo vizuri kuliko mimi. Lami yetu ina miteremko ya namna ile ile, na vijana wetu wana haja zile zile.

Halafu Machi 2022 serikali ya Burundi ikaziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya Bujumbura, kwa hoja ya ajali. Naelewa uchungu wa viongozi wanaosoma takwimu za vifo. Hata hivyo siamini kwamba dawa ya mtu kugongwa ni kumfukuza aliyegongwa. Baiskeli ikiondolewa mjini, ndizi zitaingia kwa gari, mwenye gari atachukua faida ambayo jana ilikuwa ya kijana, na bei ataibeba mama anayenunua. Naiona hatari hii kwetu pia. Kasulu inakua haraka, na mji ukikua, wa kwanza kuambiwa anachafua sura ya mji huwa ni yule mwenye baiskeli na mkaa.

Tusijidanganye kwamba Tanzania haijui la kufanya. Katika miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliendesha majaribio ya usafiri usio wa injini katika miji ya Afrika Mashariki, na kwetu yalifanyika Temeke na Morogoro, wakati Kenya yalifanyika Nairobi na Eldoret. Yalijengwa matuta, vivuko vilivyoinuliwa na njia za baiskeli, tena kwa gharama ndogo ukilinganisha na barabara kuu. Dar es Salaam ina umoja wake wa waendesha baiskeli, UWABA, ambao umepiga kelele kwa miaka mingi. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia za baiskeli kando ya njia za watembea kwa miguu. Nenda leo ukazione: bodaboda zimeegeshwa, meza za wachuuzi zimepangwa, na mwenye baiskeli amerudi kwenye magari. Njia ilijengwa, lakini hakuna ofisi inayoilinda.

Na kuna somo la zamani zaidi ambalo nchi hii imelisahau. Mwaka 1985 ulianza mradi wa usafiri vijijini huko Makete, Shirika la Kazi Duniani likishiriki. Waliofanya utafiti waliwafuata watu wanakokwenda badala ya kuhesabu magari barabarani. Wakakuta sehemu kubwa ya usafirishaji wa kijijini haigusi barabara kabisa: ni maji, kuni na mahindi ya kupeleka mashineni, vinavyobebwa kichwani kwenye vijia, na wabebaji wengi ni wanawake. Mradi ukatengeneza vijia na madaraja madogo, ukahimiza punda. Buha ya leo ingefaidika sana na macho ya namna hiyo. Mama wa Nyansha anabeba kichwani, mwanaume anasukuma baiskeli, na wote wawili wanapita bega moja la barabara. Njia pana ya kando ingewafaa wote, pamoja na watoto wa shule za kata wanaotembea mwendo mrefu kila asubuhi.

Tatizo kubwa naliona kwenye ofisi. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa na za vijijini, tangu mwaka 2017, ni za TARURA. Masoko, matumizi ya ardhi na ramani ya mji viko chini ya halmashauri, ambayo kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ndiyo mamlaka ya upangaji. Safari ya gunia moja la maharage kutoka shambani hadi sokoni inapita mikononi mwa wote watatu, na hakuna hata mmoja anayeulizwa mwisho wa mwaka: baiskeli ngapi zimeingia, wangapi wamegongwa, njia yao ina urefu gani? Kisichohesabiwa hakitengewi fedha. Ningeanza hapo. Halmashauri ya Mji wa Kasulu na Halmashauri ya Wilaya ya Kibondo ziwaweke watu kwenye njia za kuingia mjini siku ya soko, wahesabu. Kazi hiyo wanafunzi wa sekondari wanaiweza.

Nafasi ipo. Hifadhi ya barabara kuu kisheria ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na lami inakula sehemu ndogo tu ya upana huo. Sitaki njia ya baiskeli ya kilomita 260, hiyo ni ndoto na ingekuwa upotevu. Nataka zile kilomita chache za mwisho kabla ya kila mji, ambako baiskeli hukusanyika kutoka vijia vyote, zipate njia ya changarawe iliyoshindiliwa vizuri, upana wa mita mbili, ng'ambo ya mtaro, mbali na malori. Changarawe inatosha, anayesukuma haombi lami. Kwenye milima mikali njia hiyo iwe na mahali pa kupumzikia, kwa sababu anayesimama katikati ya mlima na mzigo leo anasimama barabarani. Kwenye soko pawe na mahali pa kuegesha na kushusha, penye kivuli na mafundi wa kuziba pancha, ili baiskeli zisizagae hadi mgambo aje kuzikamata. Na mji wenyewe, pale penye shule, stendi na soko, mwendo uwe kilomita 30 kwa saa, wenye matuta yanayoulazimisha.

Wapo watakaoniambia wakati wa baiskeli umepita, kila kijana anataka bodaboda. Ni kweli anaitaka, na mimi ningekuwa yeye ningeitaka. Hakuna anayesukuma kilo mia moja mlimani kwa kupenda. Lakini pikipiki ina bei yake, na petroli yake inasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandarini kabla ya kuuzwa kwetu, kila inapopanda nauli inapanda. Wanaobaki na baiskeli ni wale ambao hawana chaguo, na barabara iliyojengwa kwa mkopo utakaolipwa na kodi za wote ni yao pia. Kuna wakati nchi hii iliiona baiskeli kuwa kitu cha maana kiasi cha kuwa na kiwanda chake, NABICO, kilichotengeneza baiskeli za Swala. Kiwanda hakipo, baiskeli bado zipo.

Kibondo ina bahati ambayo Kasulu inaanza kuipoteza: bado ni ndogo. Maduka hayajaifunga barabara pande zote, na njia ya kuelekea Mabamba na mpakani bado inaweza kupangwa bila kubomoa nyumba ya mtu. Miaka kumi ijayo jambo hilo hilo litahitaji fidia, mahakama na machozi.

Kasulu nayo ina mlango uliofunguliwa sasa. Ni mmoja wa miji 45 iliyo katika mradi wa TACTIC, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kujenga barabara za mijini, mifereji na masoko. Miradi ya namna hii huja na vikao vya wananchi, na mara nyingi vikao hivyo huhudhuriwa na wachache, wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanarudi nyumbani. Waheshimiwa madiwani wa Heru Juu, Msambara, Murufiti na Nyansha, nawaomba safari hii waleteni wasukuma baiskeli wenyewe ndani ya ukumbi, wakae viti vya mbele. Nanyi wasomaji mlioko huko, michoro ikibandikwa ukutani msiondoke kabla mhandisi hajawaonyesha kwa kidole mahali ambapo mtu mwenye gunia la mkaa atapita.