Umeme wa Gatini: Usalama wa Vyombo vya Majini Umo Katika Mita Chache za Mwisho

Kwa miaka mingi chombo kilichofunga gatini kilijitegemea kwa nishati. Meli iliwasha jenereta yake, boti ilitumia betri, na wavuvi wa dagaa walikesha na karabai za mafuta ya taa. Hali hiyo inabadilika. Serikali imekwisha kutangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, limeongeza nguvu katika Gridi ya Taifa. Umeme umefika mwaloni, na kutoka mwaloni hadi ndani ya chombo ni mita chache tu za waya.

Mita hizo chache ndizo zinazostahili kuangaliwa kwa makini. Umeme uliofungwa vizuri katika nyumba ya kijijini unaweza kuwa hatari kubwa pale unapovutwa kwa waya wa kuungaunga hadi kwenye boti inayoelea, hasa katika maziwa ya maji baridi.

Manufaa ya kuunganisha chombo na umeme wa nchi kavu hayana ubishi. Injini na jenereta huzimwa, mafuta huokolewa, moshi na kelele hupungua, betri hujazwa usiku, na mafundi hupata nguvu ya kuchomelea vyuma na kuendesha pampu za kutoa maji. Duniani, Bandari ya Göteborg nchini Sweden ilianza kuziunganisha meli za mizigo kwa umeme wa msongo mkubwa mwaka 2000. Mwaka 2023 Shirika la Bahari Duniani (IMO) lilitoa mwongozo wa muda wa matumizi salama ya umeme huo bandarini. Kuanzia mwaka 2030, meli kubwa za makontena na za abiria zitatakiwa kuutumia zinapofunga katika bandari kuu za Umoja wa Ulaya.

Kwa meli kubwa kazi hiyo huhitaji mitambo maalumu. Meli nyingi za kimataifa hutumia umeme wa hezi 60, ilhali umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, hivyo bandari hulazimika kuwa na mtambo wa kubadilisha. Uwekezaji wa namna hiyo hupangwa na wataalamu na husimamiwa hatua kwa hatua. Mashaka yako zaidi kwa vyombo vidogo na vya kati: vivuko, boti za utalii, boti za doria na mashua za uvuvi, ambazo hutumia umeme wa kawaida wa volti 230 na ambazo mara nyingi huunganishwa na mtu yeyote aliye karibu na soketi.

Ili kuielewa hatari yenyewe, ni vyema kutofautisha maji ya bahari na maji ya ziwa. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa binadamu, kwa hiyo umeme unaovuja baharini husambaa zaidi katika maji yenyewe. Katika maji baridi hali ni kinyume. Mwili wa mwogeleaji hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji yanayouzunguka, na umeme huupitia. Kiasi kinachozidi miliampea 10 kinaweza kukaza misuli hadi mtu ashindwe kupiga mikono na kuelea. Taa ndogo ya nyumbani hutumia zaidi ya kiasi hicho.

Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa ni maziwa ya maji baridi. Aidha, mwalo si mahali pa kufunga vyombo pekee. Hapo ndipo watoto huoga, wanawake na wanaume hufua na kuosha samaki, na wachukuzi huingia majini hadi kifuani kupakua mizigo. Kasoro ya waya katika boti moja inaweza kumfikia mtu ambaye hajawahi kuikanyaga boti hiyo.

Jambo jingine ni kwamba kifo cha namna hii aghalabu hakiachi alama mwilini. Mtu huonekana amezama, na ndivyo kifo kinavyoandikwa. Mwaka 1999, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, mtoto wa miaka minane aliyekuwa amevaa jaketi okozi alifariki akiogelea karibu na boti zilizounganishwa na umeme. Jaketi lilimfanya aendelee kuelea, na hilo likawafanya watu watafute sababu nyingine badala ya kuzama. Baadaye kanuni za umeme za Marekani ziliongezwa masharti: mwaka 2011 maegesho ya boti yalitakiwa kuwa na kinga ya kukata umeme unapovuja kufikia miliampea 100, na toleo la mwaka 2017 likashusha kiwango hicho hadi miliampea 30.

Kinga hiyo ndiyo nguzo ya kwanza ya usalama. Ni swichi inayopima umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifikia miliampea 30 hukata umeme katika sehemu ya sekunde. Swichi ya kawaida ya kukata umeme haiwezi kazi hiyo, kwani yenyewe huulinda waya usizidiwe na mzigo, na haioni uvujaji mdogo unaotosha kuua. Kila soketi ya gatini inapaswa kuwa na kinga ya uvujaji, nayo ipimwe mara kwa mara kwa kubonyeza kitufe chake cha majaribio.

Nguzo ya pili ni vifaa vinavyofaa. Soketi ya ukutani iliyotengenezwa kwa matumizi ya sebuleni haikukusudiwa kukaa kwenye unyevu na chumvi. Kwa gati zipo soketi za viwandani zenye kifuniko na plagi ya kufunga, ambazo kwa volti 230 huwa za rangi ya buluu. Waya uwe mmoja mzima, wenye unene unaolingana na mzigo na urefu, usio na viungo vya kufungwa kwa utepe. Waya mwembamba na mrefu hupata joto, na plagi iliyolegea au kuota kutu huwaka moto. Katika mwambao wa Dar es Salaam na Zanzibar, tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua huzidi mita 3. Kwa hiyo waya uachiwe ulegevu wa kutosha usikatike, lakini usiburuzwe majini.

Nguzo ya tatu ni mpangilio wa kazi. Kabla ya kuunganisha, swichi ya gatini na swichi kuu ya chombo zote zizimwe. Plagi ya upande wa chombo ichomekwe kwanza, kisha ya upande wa gati, ndipo umeme uwashwe. Wakati wa kuondoka, umeme uzimwe, plagi ya gatini ichomolewe kwanza, na ya chombo ifuate. Kwa utaratibu huo hakuna wakati ambapo mtu ameshika mkononi waya wenye umeme ambao ncha yake iko wazi. Vilevile, chombo chenye jenereta kiwe na swichi inayoruhusu chanzo kimoja tu kwa wakati mmoja. Bila swichi hiyo, jenereta inaweza kurudisha umeme kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO anaamini imezimwa.

Nguzo ya nne ni waya wa ardhi, ambao mafundi wengi huuita waya wa ethi. Waya huu hurudisha salama umeme uliovuja na kuiwezesha swichi kukata. Hata hivyo, huunganisha pia vyuma vya chini vya chombo kimoja na vya jirani yake, jambo linaloweza kuharakisha kuliwa kwa panka na chuma cha bodi. Baadhi ya wamiliki, kwa kuogopa hasara hiyo, huukata. Ni uamuzi unaookoa chuma na kuhatarisha maisha. Suluhisho sahihi ni kufunga transfoma ya kutenganisha umeme wa chombo na wa nchi kavu, au kifaa kidogo cha kuzuia mkondo huo wa kutu, huku waya wa ardhi ukiachwa mahali pake.

Kwa upande wa usimamizi, taasisi zipo. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutoa leseni kwa mafundi wa mifumo ya umeme. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, husimamia usalama wa vyombo vya majini. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) huendesha bandari za bahari na za maziwa, na Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA) huendesha vivuko vya Serikali. Zanzibar nayo ina mamlaka zake za huduma, za usafiri baharini na za bandari.

Changamoto ni kwamba soketi iko nchi kavu, chombo kiko majini, na waya uko katikati. Mkaguzi wa chombo anaweza kukikuta salama, fundi akaiona soketi ni nzima, na hatari ikabaki kwenye waya unaoletwa jioni na kuondolewa alfajiri. Pengo hilo linaweza kuzibwa bila gharama kubwa iwapo kila gati na kila mwalo wenye umeme utakuwa na msimamizi anayejulikana, soketi zilizokaguliwa, na bango linaloonyesha hatua za kuunganisha na marufuku ya kuogelea karibu na vyombo vilivyounganishwa. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), ambavyo tayari viko mialoni, vina nafasi nzuri ya kulisimamia jambo hili kwa kushirikiana na viongozi wa vijiji.

Mwananchi naye ana wajibu. Kazi ya umeme gatini ifanywe na fundi mwenye leseni. Yeyote anayehisi ganzi au mtetemo majini karibu na chombo aogelee kurudi alikotoka, mbali na boti na gati, huku akipiga kelele umeme uzimwe. Walio nchi kavu wasijitose kumwokoa kabla ya kuzima umeme, kwani mwokoaji hugeuka mhanga wa pili. Wakishazima, wamrushie boya au kamba, wamtoe, na waanze mara moja kumpa huduma ya kwanza ya kurejesha pumzi na mapigo ya moyo wakati msaada wa kitabibu unatafutwa.