Kuhama kutoka analojia kwenda dijitali: tulichopewa na tulichotozwa

Leo tunakusudia kuijadili kadhia ambayo wengi wetu tuliipitia bila ya kuielewa vyema, nayo ni kuhama kwa matangazo ya televisheni kutoka mfumo wa analojia kwenda mfumo wa dijitali. Mitambo ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha miji kama Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha na Mbeya ikafuata kwa awamu katika mwaka 2013. Miaka imepita, lakini maswali yaliyoulizwa wakati ule yangali yanaulizwa barazani. Kwa nini tulilazimika kununua ving'amuzi? Nani hasa aliyefaidika? Na kwa nini chaneli tuliyoizoea bure ikawa inafungwa kama mlango wa duka?

Tuanze na maana ya maneno yenyewe, kwani aghalabu ugomvi hutokana na kutofahamu istilahi. Katika mfumo wa analojia, wimbi la redio huiga picha na sauti kama zilivyo. Mwanga ukizidi au ukipungua, wimbi nalo hubadilika kwa kadiri ile ile. Katika mfumo wa dijitali, picha na sauti hugeuzwa kwanza kuwa tarakimu, sifuri na moja, kisha tarakimu hizo ndizo zinazobebwa na wimbi. Faida ya tarakimu ni kwamba zinaweza kubanwa. Msomaji wa taarifa ya habari anapoketi mbele ya kamera, ukuta ulio nyuma yake hausogei. Basi hakuna haja ya kuutuma ukuta huo upya mara ishirini na tano kwa kila sekunde. Hutumwa kile kilichobadilika tu, nayo ni midomo, macho na mikono yake. Kwa njia hiyo, nafasi ya megahezi 8 iliyokuwa ikibeba chaneli moja tu ya analojia ikawa na uwezo wa kubeba chaneli kumi na zaidi.

Hapa ndipo penye kiini cha mas-ala yote. Tuliambiwa kwamba tunahama ili tupate picha safi na chaneli nyingi. Hilo ni kweli, lakini ni sehemu ndogo ya ukweli. Kilichowahamisha walimwengu ni masafa. Masafa ya redio hayaongezeki. Yaliyopo ndiyo hayo hayo yanayogombewa na televisheni, redio, ndege, meli, majeshi na simu za mkononi. Na masafa ambayo televisheni ilikuwa imeyakalia ni katika yale bora kabisa, kwa sababu husafiri mbali na hupenya kuta za nyumba.

Ndiyo maana mwezi Juni 2006 nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikutana Geneva chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, zikatiliana saini makubaliano yaliyoweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia katika sehemu kubwa ya masafa hayo. Neno "kulindwa" lina uzito wake. Baada ya tarehe hiyo, kituo cha analojia kilichovurugwa na mawimbi ya nchi jirani hakina pa kulalamika. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliona isingoje, ikajiwekea mwisho wa mwaka 2012. Kati ya wanachama wake, Tanzania ndiyo iliyoanza kuzima mitambo tarehe hiyo ilipofika. Rwanda ilizima mwaka 2014. Kenya na Uganda zikafuata mwaka 2015.

Tukirejea nyumbani kwa mtazamaji, mabadiliko mawili hayakuelezwa ipasavyo. La kwanza ni la kifundi. Analojia ilikuwa na subira: aliyekaa bondeni au mbali na mnara alipata picha yenye chenga, lakini alipata, na sauti aliisikia. Dijitali haina daraja la kati. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kama kioo. Yakipungua kidogo chini ya kiwango, picha hugandaganda kisha hutoweka kabisa. Kwa hiyo wapo waliokuwa wakitazama kwa chenga, wakanunua king'amuzi, wakaambulia kioo cheusi, wakadhani wameuziwa kifaa kibovu ilhali tatizo lilikuwa umbali wao na mnara au antena yao. (Na kwa kuwa kubana na kufumua tarakimu huchukua muda, matangazo ya dijitali hufika nyumbani yakiwa yamechelewa kwa sekunde kadhaa. Anayefungua saumu kwa adhana ya televisheni hana la kuhofu, lakini anayeitegemea adhana hiyo hiyo ili aache kula daku ni bora aitazame saa yake.)

La pili ni zito zaidi, nalo ni kufuli. Kituo cha kawaida cha analojia kiliporusha matangazo hakikumjua wala hakikumzuia mtazamaji. Mwenye antena alitazama, tajiri na fukara sawasawa. Dijitali ilirahisisha uwezo wa kuyafunga mawimbi na kumfungulia aliyelipa tu. Uwezo huo si uovu kwa dhati yake, kwani mwenye biashara ana haki ya kulipwa. Lakini yalipochanganywa katika king'amuzi kimoja matangazo ya biashara na matangazo ya umma, ikawa kifurushi kikiisha, katika nyumba nyingi hata taarifa ya habari iliisha nacho. Kanuni zilitaka chaneli za kitaifa zisizolipiwa ziendelee kuonekana baada ya malipo kumalizika. Malalamiko ya watazamaji kwamba mambo hayakuwa hivyo yalisikika kwa miaka mingi. Hatuoni uzito wowote katika hoja kwamba mwananchi alijitakia kwa kununua king'amuzi cha kampuni fulani. Alinunua kwa sababu alizimiwa kile alichokuwa nacho, na aghalabu alikuta kimoja tu dukani.

Tulinganishe na wenzetu. Marekani ilizima vituo vyake vikubwa tarehe 12 Juni 2009, baada ya kuisogeza mbele tarehe ya awali ya mwezi Februari kwa sababu fedha za kuwasaidia wananchi zilikuwa zimepungukiwa. Kila kaya iliweza kuomba kuponi mbili za dola 40 kila moja za kununulia kifaa. Uingereza ilihama mkoa kwa mkoa kuanzia 2007 hadi Oktoba 2012, na ikawa na mpango maalumu wa kuwasaidia wazee wa miaka 75 na kuendelea pamoja na wenye ulemavu. Afrika Kusini iliamua kuwagawia ving'amuzi masikini, ikakwama kwa miaka mingi; hata mwezi Machi 2025 mahakama mjini Pretoria ilisimamisha uzimaji uliokuwa umepangwa mwishoni mwa mwezi huo, kwa hoja kwamba kaya nyingi za kipato cha chini zingebaki gizani. Sisi tulikwenda kwa kasi, na kasi hiyo ilisifiwa katika mikutano ya kimataifa. Gharama yake aliibeba mnunuzi mfukoni mwake.

Kenya ilikuwa na mgogoro wa namna nyingine, unaostahiki kuangaliwa kwa kituo. Mfumo wa dijitali hutenganisha kazi mbili zilizokuwa za mtu mmoja: kutengeneza vipindi na kuvirusha. Anayemiliki mtambo wa kurushia ndiye mwenye mlango, na mwenye kipindi hubakia mpangaji. Vituo vikubwa vya binafsi, NTV, KTN na Citizen, vilikataa upangaji huo, vikadai leseni yao ya usambazaji, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 14 Februari 2015 mitambo yao ya analojia ilizimwa, na kwa takriban wiki tatu taifa zima likawa halioni vituo vyake vinavyotazamwa zaidi, hadi viliporejea mwezi Machi kwa mfumo wa dijitali kupitia mtandao wao wenyewe. Wako waliosema ni ukaidi wa matajiri wa vyombo vya habari. Yawezekana biashara ilikuwamo, tena sana. Lakini swali lao lilikuwa sahihi: ikiwa ufunguo wa mlango uko kwa mwingine, uhuru wa habari unasimama juu ya nini?

Sasa turudi kwenye masafa yaliyoachwa wazi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilifanya mnada wa masafa ya megahezi 700, ambayo ni katika yale yaliyoondolewa kwa televisheni, yakaenda kwenye kampuni kwa ajili ya intaneti ya kasi. Hakuna ubaya katika hilo. Intaneti hiyo wanaisomea watoto wetu na kuifanyia biashara mama zetu. Wanazuoni wa fikihi, walipozungumzia maji na malisho ya nyikani, walivihesabu kuwa vitu vya watu wote ambavyo mtawala huvisimamia kwa maslahi yao, hana milki navyo. Kwa kiasi chetu cha elimu, hatuoni kwa nini masafa yasipimwe kwa mizani hiyo. Na kwa mizani hiyo, aliyenunua king'amuzi ili masafa yapatikane alikuwa na haki katika thamani yake, japo kwa punguzo la bei ya kifaa au kwa mnara wa kufikisha chaneli za umma kijijini kwake. Mjukuu wake leo hutazama mpira ule ule kwenye simu, juu ya masafa yale yale, kwa bando la kulipia.

Na kadhia hii haijafungwa. Katika mkutano wa dunia wa masafa uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023, kampuni za simu ziliyataka pia masafa yaliyobaki, yaani yale ya chini ya megahezi 694. Kwa sehemu kubwa ya Afrika yaliachwa mikononi mwa watangazaji, na suala likasogezwa ili litazamwe upya katika mkutano wa 2031. Maandalizi ya msimamo wa kila nchi huanza miaka mingi kabla, katika vikao vya mafundi na wenye kampuni. Tunaziomba mamlaka zetu safari hii zimwite na mtazamaji katika vikao hivyo, zimsikilize kabla ya tarehe kupangwa.