MWENYE MTAMBO WA KUCHIMBA ASITUPIMIE MAJI

Ndugu wanachama wa ushirika, na wananchi wote mnaopita hapa ghalani,

Yako maneno yanazunguka tangu tulipouza ufuta. Ati fedha ya kisima cha shamba la ushirika ipo, mtambo upo, mwenye mtambo yuko tayari, na tena amesema atatupimia bure. Sasa viongozi wanachelewesha nini? Sisi tunajibu hapa ukutani, kwa wino, ajuaye kusoma asome na asiyejua asomewe. Hatucheleweshi. Tunakataa. Tunakataa mtu mmoja atupimie yeye, achimbe yeye, halafu atuandikie ankara yeye.

Mwenye mtambo analipwa kwa mita. Mita sitini ni fedha, mita mia ni fedha zaidi, na tone lipatikane lisipatikane, mita imekwisha kuchimbwa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia, "Hebu tutazamie kama chini kuna maji," atasema hakuna? Atasema yapo, tena mengi, ila yamejificha chini kidogo. Upimaji huo si bure, ndugu. Ni chambo, na samaki ni sisi.

Wengine wakiona waya zinatandazwa porini wanadhani ni ramli ya kizungu. Si ramli. Vyuma vinne vinapigiliwa ardhini katika mstari mmoja. Viwili vya nje vinapeleka umeme wa betri ardhini, viwili vya ndani vinasoma nguvu ya umeme inayoonekana pale katikati. Jiwe kavu linauzuia umeme, udongo wenye maji unaupitisha. Vyuma vya nje vikisogezwa mbali zaidi, umeme nao unazama chini zaidi, na fundi anaandika tena. Hesabu yenyewe ni kugawanya na kuzidisha, mambo tunayoyafanya kila jioni darasani kwetu kwenye kisomo. Mwishoni anachora mstari kwenye karatasi, na mstari ule unaeleza chini kuna matabaka mangapi na kila moja lina unene gani. Mfaransa Conrad Schlumberger alianza majaribio ya namna hii mwaka 1912. Kwa hiyo si kitu cha jana, na anayetuambia hakifahamu huku anauza visima, huyo tumwogope.

Sasa kwa nini kwetu Lugoba kipimo ni lazima, wakati mahali pengine mtu anachimba popote na anapata? Nendeni mkatazame machimbo ya kokoto. Kokoto hii inayojenga Dar es Salaam inatoka katika jiwe ambalo ndilo sakafu yetu. Tazameni ukuta wa shimo: juu udongo, chini yake jiwe lililooza linalomenyeka, halafu jiwe gumu lenyewe. Ngojeni mvua inyeshe siku mbili tatu mrudi. Jiwe gumu halina kitu, lakini kwenye nyufa maji yanachuruzika. Basi ndivyo ilivyo chini ya shamba letu. Maji yako kwenye jiwe lililooza na kwenye nyufa. Ukiukosa ufa kwa hatua thelathini umechimba kaburi refu. Tena ukitoka hapa kwenda upande wa pwani ardhi inageuka, yanaanza mawe ya tabaka, ya mchanga na chokaa, ya ile enzi wataalamu wanayoiita Jura. Na tabaka mojawapo wamelipa jina la Lugoba. Juu tunatembea nchi moja, chini ni nchi mbili.

Msituambie jiwe gumu halina maji kabisa. Makutupora, kaskazini ya Dodoma, ni nchi ya matale, jiwe gumu kama hili, na visima vyake ndivyo vilivyonywesha mji ule miaka mingi. Kina cha maji kwenye visima vile kimeandikwa tangu miaka ya 1950, na maandishi hayo yameonyesha kwamba maji yanarudi kwa wingi katika ile misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997 na 1998. Lakini pale ni bonde lililokatwa na mipasuko ya ardhi, jiwe limevunjika na kuoza. Hawakuchimba mlangoni kwa mtu.

Jambo la pili, na hili ndilo linalotutia hofu kuliko ukavu, ni chumvi. Wazee wetu wanajua visima vya huku vingi maji yake hayanyweki. Na hapa kipimo cha umeme kina mtego wake, lazima tuseme ukweli. Umeme unapita vizuri penye maji matamu, unapita vizuri zaidi penye maji ya chumvi, na hata kwenye mfinyanzi mtupu usiotoa maji ya kujaza sufuria unapita. Jiwe gumu kavu husomeka maelfu ya om-mita. Jiwe lililooza lenye maji mazuri, makumi mpaka mamia. Ikishuka chini ya kumi, mara nyingi ni chumvi au mfinyanzi. Kwa hiyo mtu akija na mashine yake akapiga kelele, "Umeme umepita! Maji haya hapa!", muulizeni umepita kwa kiasi gani. Namba ipi? Visima vya jirani vina ladha gani? Mpimaji wa kweli atakuwa ameviuliza hivyo kabla ya kufungua sanduku lake.

Wakubwa nao huaibika. Mwaka 2013 ilitangazwa dunia nzima kwamba Turkana, kule Kenya, yamegunduliwa maji mengi sana chini ya ardhi, ya kutosha Kenya miaka 70. Yalionekana kwa rada ya setilaiti na vipimo vingine. Watu walishangilia. Baadaye walipopima maji ya Lotikipi yenyewe wakakuta yana chumvi nyingi mno. Kipimo cha juu kilionyesha mahali pa kutazama. Ladha ilitaka kisima cha majaribio na maabara. Sasa kama taifa zima lilishangilia mapema, sisi wa ufuta tusijifanye wajanja.

Yuko ndugu mmoja alisema kwenye kibaraza, "Chini kungekuwa na maji, Serikali isingeleta bomba kutoka Wami." Ana hoja, hatumdharau. Mradi wa maji wa Chalinze ulijengwa miaka ya mwanzo ya 2000 kwa msaada wa China, na ulikwenda mtoni kwa sababu maji ya chini sehemu nyingi za huku ni haba au yana chumvi. Lakini sehemu nyingi si kila sehemu, na shamba la ushirika liko mbali na bomba. Hoja ya ndugu yetu haisemi tusipime. Inasema tusichimbe kwa kubahatisha.

Na wazee wa kijiti na wazee wa mkuyu? Mkuyu tunauheshimu. Mti huo haukai bure, na mpimaji mwenye akili ataanzia alipoonyeshwa na wazee. Ila mkuyu hauwezi kukuambia maji yako mita kumi au hamsini, wala hauwezi kukuambia yatadumu mpaka Oktoba.

Tunajua pia kinachosemwa usiku. Wako watatu, kila mmoja anataka kisima kiwe kwenye njia ya kwake. Mmoja ana ng'ombe, mmoja ana kiwanja cha kuuza, mmoja anagombea. Majina hatuandiki, wenyewe wanajisoma. Umeme wa betri hauna kitongoji wala hauna kura. Mistari ya vipimo ipite sehemu zote tatu, na ya nne penye bonde la chini ya shamba ambako hakuna aliyejenga, kisha karatasi iamue.

Akina mama ndio wenye kesi hii kuliko wote. Msimu wa kupalilia wanakwenda shamba na dumu la maji kichwani, mtoto mgongoni na jembe mkononi. Mwaka 1971 nchi yetu ilipanga kwamba ikifika 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji umbali usiozidi mita 400. Lengo lile halikutimia. Leo fedha ni yetu wenyewe, imetoka kwenye magunia yetu, na ikiishia kwenye shimo kavu hakuna wa kutufidia. Gharama ya kupima ni ndogo sana mbele ya gharama ya shimo moja la bure.

Basi msimamo wetu ni huu. Mpimaji atafutwe mwenye leseni, asiyekuwa na mtambo wala ubia na mwenye mtambo. Ushauri tuuombe RUWASA wilayani, na kibali tukiombe Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inavyotaka. Karatasi za vipimo zibaki kwenye kabati la ushirika, zisiondoke na mtaalamu, maana miaka kumi ijayo wajukuu watataka kuchimba tena. Zisomwe kwa sauti mbele ya mkutano, na namba zielezwe kwa Kiswahili. Kisima kikichimbwa kipampiwe saa nyingi mfululizo na maji yapelekwe maabara kabla ya malipo ya mwisho. Na karatasi ikisema chini ni chumvi, hatuchimbi hata mita moja. Fedha iende kwenye lambo la kukingia maji ya mvua.

Mkutano ni Jumamosi saa nane mchana, hapa ghalani. Mwenye mtambo tumemwalika. Aje na bei ya mita moja imeandikwa, na aseme mbele ya watu mita zikiwa kavu nani analipa.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya kamati ya maji ya ushirika